Kalenda ya Trekta na Kamba ya Bibi

Kalenda iliyoning'inia ukutani kwetu ilikuwa ya mwaka jana. Msicheke. Huu ni mwaka ambao hata kipande cha sabuni unakitafuta kama ng'ombe aliyepotea, na nguo tunafulia majani ya mpapai, sasa kalenda mpya nani akuletee? Hiyo ya zamani baba aliipata Musoma mjini. Ina picha ya trekta jekundu, jipya, linang'aa, na dereva anacheka meno yote nje. Trekta la namna hiyo halijawahi kukanyaga kijijini kwetu. Sisi tunaliona ukutani tu.

Januari niligundua jambo ambalo nusura linipe kichaa kwa furaha: kalenda ya mwaka jana haijafa. Imezimia tu. Ukiongeza siku mbili inafufuka. Trekta likisema tarehe kumi ni Jumanne, wewe sema Alhamisi, na kweli ni Alhamisi. Shule yetu ilichelewa kufunguliwa mpaka Machi, maana ghala la chakula lilikuwa limebaki na panya peke yao, na panya wenyewe wamekonda. Kwa hiyo Januari yote na Februari yote nilikuwa nyumbani nikilipima trekta langu. Halikukosea hata mara moja! Baba alikuwa anawaita wageni. "Mwulizeni huyu tarehe yoyote." Mimi nafumba macho kidogo, kwa madoido tu, halafu nataja siku. Wazee wanaguna. Katika maisha yangu ya miaka kumi na sita sijawahi kuheshimiwa namna ile.

Mtu mmoja tu hakuguna. Bibi yangu, mama yake baba. Yeye huniita mume wake, kama bibi wengine huku kwetu wanavyowatania wajukuu, lakini ni mke asiyenistahi hata chembe.

"Mume wangu," aliniambia, "hizo siku unazoziongeza unazitoa wapi?"

"Kichwani, bibi."

"Basi kichwa chako kikubwa. Nilijuaga tu, nilipokubeba mgongoni."

Bibi hana tarehe. Ana miaka, lakini haina namba. Ana mwaka wa nzige, mwaka ziwa lilipopanda likameza mashamba ya watu wa pwani, mwaka tulipohamishiwa vijijini. Ukimwuliza baba alizaliwa lini, anakwambia, "Yule ng'ombe mweusi mwenye pembe moja alikuwa bado hajafa." Nenda kajaze hiyo kwenye fomu ya shule.

Sasa kulikuwa na harusi ya dada.

Dada yangu aliposwa na mvuvi wa dagaa, kutoka vijiji vile vya rasi, ng'ambo ya Musoma, ambako nchi inaingia ziwani kama mkono. Ng'ombe wa mahari walikwishafika zizini kwetu, mmoja wao alikwishanipiga teke. Ilibaki ndoa ya kanisani. Kigango chetu hakina padri wa kukaa. Yupo padri mmoja mzungu, mrefu kama nguzo ya simu, anayetoka upande wa Bunda kwa gari, siku akipata petroli. Na petroli mnaijua.

Alipokuja mara ya mwisho mimi nilikuwa shule. Watu wa bwana harusi walimwomba awape siku ya mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawazifuati taa, kwa hiyo ndipo wavuvi wanalala, wanashona nyavu, wanaoa. Kwao mwezi una vipande viwili tu, giza na mbalamwezi, na Jumapili inaangukia popote. Padri akafungua kijitabu chake, akaangalia, akasema, "Siku thelathini na nane kuanzia kesho." Halafu akasema neno lililomfanya dada asimame: baada ya siku hiyo anakwenda likizo kwao Ulaya, na harudi mpaka mvua za vuli.

Papo hapo bibi yangu na shangazi yake bwana harusi walikaa chini, wakachukua kamba mbili za katani, wakafunga mafundo. Thelathini na nane huku, thelathini na nane kule. Wakahesabu pamoja mara mbili kwa sauti. Kila mmoja akaondoka na yake. Kila asubuhi, kabla ya kusalimia mtu, unafungua fundo moja. Fundo la mwisho ndiyo harusi.

Basi. Likizo imefika, nimerudi, dada ana wasiwasi mpaka anakosea kuweka chumvi, na siku ya Jumamosi katekista akaleta karatasi kutoka kwa padri. Mistari miwili: atafika tarehe tano, saa nne asubuhi, wanaofunga ndoa wawe tayari.

Baba akanipa karatasi mbele ya watu. Ah, moyo ulivyonidunda! Nikaenda mbele ya trekta kama mwalimu anavyokwenda ubaoni. Tarehe tano, trekta linasema Jumanne. Ongeza mbili.

"Alhamisi," nikasema.

Bibi alikuwa mlangoni na kamba yake. "Jumatano," akasema.

"Bibi, kalenda inasema Alhamisi."

"Kamba inasema mafundo manne. Kesho moja, keshokutwa la pili, Jumanne, Jumatano. Kwisha."

"Ulikosea kuhesabu, bibi. Ulihesabu na siku ile ile mliyokaa. Nyie watu wa zamani ndivyo mnavyofanyaga." (Ndiyo, nilisema hivyo. Mdomo wangu una miguu yake.) "Ongeza fundo moja tu, mambo yatakaa sawa."

"Fundo siyo chumvi, uongeze ukionja."

Watu walicheka, lakini baba alikata shauri upande wa karatasi. Mtoto anasoma Musoma, ada inauma, sasa asipoaminiwa anasoma ya nini? Akanipa baiskeli niende mpaka rasini niwaambie watu wa bwana harusi: ni Alhamisi, msije kabla, vyakula vyenyewe vya kubahatisha.

Nilipiga pedali siku ile kama niliyebeba habari ya uhuru. Nikapita Musoma, nikalifuata ziwa, nikafika kwao jua likiwa linaegemea. Wanaume wamekaa kivulini na nyavu mapajani, taa zao za karabai zimepangwa ukutani, hazina kazi. Mwezi ulikuwa karibu kujaa, kwao ni mapumziko, hata mbwa walikuwa wamelala mapumziko.

Shangazi wa bwana harusi ni mama mfupi, mnene, mpole sana. Kamba yake ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya jiko. Niliihesabu kwa jicho: manne. Nikasema moyoni, hawa wote wawili walikosea pamoja, mwalimu kipofu na mwanafunzi kipofu.

Nikatoa penseli. Nikawachorea trekta, nikawaeleza habari ya kuongeza mbili, nikawapa mfano wa Januari, nikawapa mfano wa Februari. Nilisema vizuri mpaka mimi mwenyewe nikajipenda.

"Haya, mwanangu," shangazi akasema. "Kula kwanza."

Wanaume nao wakasema haya. Hakuna aliyebisha. Nikala sangara mkubwa kama godoro, nikajua nimeshinda.

Aliyefurahi kuliko wote ni bwana harusi. Huyu shemeji yangu ana mabega ya kuvuta nyavu na moyo wa mtoto wa darasa la pili. Aliishika ile karatasi yangu kama cheti. "Shemeji, wewe umesoma," aliniambia. "Mimi nilikuwa nasikitika, koti sina. Sasa umenipa siku nzima! Nasikia mitumba imeruhusiwa, Bunda wanafungua marobota hadharani. Jumanne nakwenda, Jumatano nachagua koti, nalala kwa rafiki yangu hapo hapo Bunda, Alhamisi alfajiri nakuja moja kwa moja kanisani. Utaniona!"

"Tafuta lenye mifuko ya ndani," nikamshauri. Kwani mimi nilijua nini kuhusu makoti? Lakini nilikuwa kwenye ushauri, siwezi kuacha.

Jumanne jioni nilikuwa nakata kuni nikasikia vigelegele njiani. Nikachungulia. Shangazi mbele, nyuma yake wanawake na vikapu vya samaki wakavu kichwani, wanaume na mizigo, watoto, ngoma moja. Watu wa bwana harusi! Nikacheka mpaka shoka likaniponyoka.

"Shikamoo, shangazi! Mmekosea siku! Si nilikuja mpaka kwenu?"

"Marahaba, mwanangu. Ulikuja. Na tulikusikiliza vizuri sana."

"Sasa?"

"Sasa fundo limebaki moja."

Nikageuka kumtafuta bibi anisaidie kuwashangaa. Bibi alikuwa anatoa mtungi wa pombe ya ulezi, imeiva kabisa, povu juu. Pombe haiivi kwa kushtukizwa. Aliianza siku zile zile nilipokuwa naeneza elimu.

"Bibi, uliwatumia ujumbe?"

"Ujumbe wa nini? Tuna kamba mbili."

Nikataka kukasirika, lakini katekista akaingia uani, amebeba kitabu chake cha masomo ya misa, anawakumbusha watu waje na maji kanisani kesho, padri anafika saa nne.

"Kesho ni tarehe nne, katekista!"

"Kesho ni tano," akasema bila hata kunitazama, akafungua kitabu. Cha mwaka huu. Jumatano, na tano yake pembeni, imekaa wazi wazi kama upara.

Nilikimbia ndani kwa trekta. Nikaanza kufunua karatasi kurudi nyuma: Mei, Aprili, Machi. Februari. Nikaiona. Chini kabisa, peke yake, kama mtoto aliyechelewa shule: ishirini na tisa. Mwaka jana ulikuwa mrefu! Mpaka mwisho wa Februari unaongeza mbili, ndiyo, kwa sababu ile siku bado inakudai. Ukishaivuka, unaongeza moja tu. Mimi nilikuwa nimeongeza mbili mpaka Juni kama mtu anayeendelea kuaga wakati basi limekwishaondoka.

Nilipotoka nje dada alikuwa amesimama katikati ya wageni, anawahesabu kwa macho. Alifika wa mwisho akaanza upya.

"Yeye yuko wapi?"

Shangazi alishusha kikapu polepole. "Nilimkataza. Nikamwonyesha kamba. Akaniambia, shangazi, shemeji amesoma."

Katika watu wote wa pande mbili, wazee kwa vijana, mtu mmoja tu ndiye aliyeniamini kabisa. Na mtu huyo ndiye aliyetakiwa kuoa.

Dada hakulia. Angelia ningeona nafuu. Alinisogelea mpaka pua yake ikakaribia yangu. "Mpaka mvua za vuli," alisema. "Unasikia? Kamlete."

Jogoo wa kwanza alinikuta barabarani. Mwezi ulikuwa bado upo, umeinama upande wa ziwani, mkubwa, mweupe, na nina hakika ulikuwa unanicheka. Kulipopambazuka wachunga ng'ombe wa kwanza wakaniona ninavyopita, wakanipigia kelele, "Umeiba nini?" Nikawajibu, "Siku moja!" Hawakuelewa, nikaendelea.

Nyamuswa, njiani kwenda Bunda, nikaikuta Land Rover ya padri imeegeshwa, padri mwenyewe anamimina petroli kutoka kwenye dumu. Nikajitupa chini na baiskeli yangu, nikamweleza yote kwa pumzi moja: trekta, Februari, koti. Alinisikiliza, nadhani alitaka kucheka, lakini akatazama saa yake ya mkononi. Wazungu wana namna ya kuitazama saa kama wanamwomba ruhusa mama yao.

"Kijana wangu, jioni nina kigango kingine, na kesho nasafiri. Nitawangoja mpaka saa nane mchana. Saa nane, naondoka. Samahani."

"Saa nane, Baba!"

Ilikuwa saa mbili na nusu. Nikaruka juu ya baiskeli.

Bunda, jamani! Sijawahi kuona kitu kama kile. Nguo zimemwagwa chini kama mavuno, watu wamezama mpaka magotini, kila mtu anavuta mkono wa shati ambalo mwenzake anavuta mkono wa pili. Miaka yote ya foleni, karatasi za ugawaji na "hakuna", halafu ghafla kilima cha nguo za rangi zote! Na kileleni shemeji yangu, jua linachoma, amevaa koti la sufi la kijivu, nene, limefika magotini, koti la watu wa theluji. Jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Anatabasamu.

"Shemeji! Lina mifuko minne ya ndani!"

"Harusi ni leo!"

"Alhamisi."

"Leo! Nilikosea! Padri anaondoka saa nane!"

Alinitazama. Nikangoja kofi, nilikuwa nimelitayarishia hadi shavu. Akasema tu, "Hata wewe unakosea?" Akashuka kile kilima mbio, koti na yote.

Baiskeli moja, watu wawili, na mmoja amevaa blanketi, hatufiki. Lakini stendi kulikuwa na lori linalopeleka magunia matupu ya pamba vijijini, njia yetu kabisa.

"Mnaondoka saa ngapi?" nikamwuliza utingo.

"Likijaa."

"Litajaa saa ngapi?"

Akanitazama kwa huruma. "Likishajaa, ndiyo saa yenyewe."

Juu walikuwa watu wanne na mbuzi. Saa ya stendi ilikuwa imekufa zamani, lakini kivuli cha mlingoti kilikuwa kifupi kupita nilivyotaka. Shemeji alianza kuuma kucha. Mimi nikapanda kwenye tairi, nikajaza kifua.

"Harusi! Njia ya Butiama! Huyu hapa bwana harusi mwenyewe, mwangalieni koti! Sangara wapo, pombe ya ulezi ipo, imeivia kwa kamba! Anayekuja na aje, hakuna kadi!"

Niwaambie nini? Watu walikuja. Walikuja na marobota yao, na kuku wao, mama mmoja alikuja na kiti chake. Lori likajaa kwa muda wa kumenya muhogo mmoja. Utingo alipiga bati, dereva akaamka, tukaondoka na wageni arobaini ambao hakuna aliyewaalika isipokuwa mimi.

Njia nzima waliimba. Shemeji hakuimba. Alishika ukingo wa lori kwa mikono miwili, anasukuma, kama vile akisukuma sana litafika mapema. Jua lilikwishapita utosini. Nikamwona anapima kivuli cha kichwa chake ubaoni, kinavyorefuka, halafu ananitazama, halafu anatazama pengine. Pale ndipo nilipoacha kucheka. Nilikuwa nimempa siku isiyokuwepo, naye ameipokea kwa mikono miwili.

Tulipokata kona ya kanisa niliiona Land Rover. Ipo! Watu wamekaa nje, chini ya ukuta, kama wanaosubiri mgonjwa. Dada aliinuka na gauni lake jeupe, akaliona lori, akaona koti. Sitaandika uso wake ulivyokuwa, ataniua.

"Padri yuko wapi?"

"Ndani," akasema katekista, anajifuta shingo. "Anaungamisha. Ilipofika saa saba bibi yako akasema anataka kuungama."

"Na sasa saa ngapi?"

"Saa tisa kasoro. Hajatoka. Waumini kumi wako nyuma yake."

Mlango ukafunguka. Bibi akatoka, anajitengeneza khanga, mwepesi kama msichana. Nyuma yake padri, amekunja uso wa mtu aliyesafirishwa mbali sana. Akaitazama saa yake, akaitikisa, akaisikiliza sikioni. Kisha akamwona shemeji ndani ya lile koti, na hapo ndipo cheko lake lote la tangu Nyamuswa lilipomtoka.

Waliofuata kwenye mstari walisamehewa kwa jumla, ndoa ikafungwa, shemeji akakataa kuvua koti mpaka pete ikaingia. Ndipo padri akaondoka kwenda kwenye kile kigango kingine, ambako, dada alisema, nao wana bibi harusi wao anayesubiri, padri akifika ndiyo saa imefika.

Jioni, wageni wangu arobaini wakiwa wanamaliza pombe, bibi aliniita pembeni.

"Alitaka kutoka, mume wangu. Saa yake ilimwita. Nikamwambia, Baba, mimi tarehe za dhambi zangu sizijui, lazima nianze mwanzo. Nikaanza mwaka wa nzige."

"Bibi! Unadanganya padri!"

"Nimedanganya nini? Zote nilizitenda. Nilikwenda polepole tu. Nilipofika ziwa lilipopanda, alipiga miayo. Nilipofika kuhamia vijijini nikasikia lori. Nikamwambia, Baba, zilizobaki ni ndogo ndogo, zitangoja vuli."

Hakunisema. Baba alinisema, tena mbele ya wale wale wageni aliokuwa anawaita Januari, na ile wiki nzima nikawa mpika chai wa kila aliyepita. Bibi alikata tu kipande cha ile kamba iliyokwisha mafundo, akafunga mengine ishirini na moja, taratibu, akinihesabisha kwa sauti. Ni siku zilizobaki kufungua shule. Nimeifunga kwenye msumari wa kalenda, juu ya uso wa yule dereva anayecheka.

Leo asubuhi nimefungua la kumi na nne. Halafu nilipoona hakuna mtu, nikamfunua dereva kidogo, nikachungulia, nikaongeza moja.

Zinalingana.